Kabla Hatujafungua Sanduku: Somo Kutoka kwa Droni za Rwanda

SOMO LA VIKUNDI VYA KUJISAIDIA

Lengo la somo: Kujifunza jinsi kazi ya droni ilivyoanza na kukua nchini Rwanda, ili kikundi kijue namna ya kupima mpango mpya kabla ya kutoa pesa.

Muda: Saa moja na nusu. Mkitaka, gaweni somo katika mikutano miwili.

Vifaa: Daftari la kikundi, chaki, kamba yenye urefu wa mita 3, na mfuko wa mahindi usiofika kilo 2.



Mwezi uliopita niliitwa na kikundi kimoja cha akina mama na vijana, huko juu karibu na msitu. Wanachama ni 27. Kwa miaka sita wameweka akiba kidogo kidogo, na siku hiyo sanduku lao lilikuwa na shilingi 186,000. Pesa hizi walikuwa wanaziweka za kununua mashine ya kusaga mahindi, kwa sababu iliyo karibu ni mwendo wa saa moja kwa miguu na debe kichwani.

Nilipofika nikakuta ajenda imegeuka. Muuzaji fulani kutoka mjini alikuwa amepita hapo wiki iliyotangulia na droni ndani ya sanduku jeusi. Kwa wale ambao hawajaiona, droni ni ndege isiyo na rubani ndani yake. Mtu huiongoza akiwa chini, kwa rimoti au kwa kompyuta. Muuzaji aliirusha juu ya uwanja wa shule, watoto wakapiga kelele, na kila mtu akaona paa la nyumba yake kwenye simu. Halafu akasema bei, na ati bei hiyo ni ya mwezi huo tu.

Kijana mmoja wa kikundi akasimama. "Mwalimu, hii kitu italeta pesa. Kuna harusi, kuna matanga, kuna kampeni, kuna watu wanataka picha ya shamba, kuna kunyunyiza dawa. Mwaka mmoja tu tumerudisha pesa yote."

Mimi nilimwangalia mama mweka hazina nikingoja akatae. Ninamjua. Sanduku lake lina kufuli tatu na hajawahi kulifungua bila wenye funguo wote kuwako. Lakini akasema, "Mimi naunga mkono. Nimesikia kwa redio kwamba huko Rwanda hizi ndege zinapeleka damu hospitali. Kama zingekuwa hapa, msichana wangu angekuwa amekaa na sisi leo."

Watu wakanyamaza. Wote walijua habari hiyo. Binti yake alijifungua salama mtoto wa pili, halafu akaanza kutoka damu nyingi. Hospitali haikuwa na damu ya kundi lake. Gari likatumwa mjini, barabara ilikuwa matope, na liliporudi giza lilikuwa limeingia na mama yule hakuwa nasi tena. Mtoto alipona. Ni nyanya anayemlea, na sasa yuko darasa la nne.

Sikuweza kujibu papo hapo. Niliwaomba wiki mbili, na nikawaomba sanduku lisifunguliwe mpaka tusome pamoja. Hili ndilo somo tulilosoma. Nawaletea na nyinyi kwa sababu yule muuzaji hakupita kikundi kimoja tu.

HATUA YA KWANZA: TUONE

Mambo yalikuwaje Rwanda?

Rwanda ni nchi ndogo yenye watu zaidi ya milioni 13. Huitwa nchi ya vilima elfu. Barabara kuu ni nzuri, lakini ukitoka hapo unaanza kuzunguka kilima hiki, unashuka bonde lile, unapanda tena. Hospitali unayoiona ng'ambo kwa macho, kuifikia kwa gari ni safari nyingine.

Sasa fikirini juu ya damu. Damu si kama panadol ambayo unaweza kujaza kabati ukalala. Kuna makundi mbalimbali ya damu, na mgonjwa lazima apewe inayopatana na yake. Tena damu huharibika. Damu nyekundu iliyowekwa baridi hukaa kama wiki tano au sita. Chembe zinazosaidia damu kuganda hukaa kama siku tano tu. Hospitali ndogo ikiweka akiba kubwa ya kila kundi, nyingi itatupwa. Ikiweka kidogo, siku mama anapotoka damu inakosekana. Kwa hiyo hospitali za Rwanda zilikuwa zikituma gari kwenye kituo cha damu kila mara zinapohitaji, na mgonjwa anangoja.

Nini kilifanyika?

Serikali ya Rwanda ilifanya mkataba na kampuni ya Marekani inayoitwa Zipline. Mwezi wa Oktoba mwaka wa 2016 Rais Paul Kagame alifungua kituo cha kwanza katika wilaya ya Muhanga, magharibi ya Kigali. Walianza na damu tu, kwa hospitali 21. Baadaye kikafunguliwa kituo cha pili Kayonza, upande wa mashariki, na kwa vituo hivyo viwili ndege zikaweza kufika sehemu kubwa ya nchi.

Kazi yenyewe inaendeshwa hivi:

1. Daktari anapiga simu au anatuma ujumbe kituoni: nataka damu ya kundi fulani, chupa kadhaa.

2. Kituoni mfanyakazi anatoa damu kwenye friji, anaipakia kwenye sanduku la katoni lenye parashuti ya karatasi, na kuiweka tumboni mwa ndege.

3. Ndege inawekwa kwenye mtambo unaoirusha kwa nguvu, kama jiwe kwenye manati. Haihitaji uwanja mrefu.

4. Inajiendesha yenyewe kwa njia iliyopangwa, ikijua ilipo kwa msaada wa setilaiti. Mwendo wake ni karibu kilomita 100 kwa saa. Inaweza kwenda kilomita 80 na kurudi bila kubadilisha betri.

5. Ikifika juu ya hospitali inashuka kidogo, inaangusha sanduku, parashuti inafunguka, na muuguzi anakwenda kuokota. Ndege haitui pale. Inageuka na kurudi nyumbani.

6. Kituoni inanaswa na waya kwa ndoano iliyo mkiani. Betri inabadilishwa, na ndege iko tayari kwa safari nyingine.

(Mwezeshaji: Sasa waombe watu wawili wavute ile kamba ya mita 3. Upana wa mabawa ya ndege hiyo unapita hapo kidogo. Kisha kila mtu aupime mfuko wa mahindi kwa mkono. Mzigo wote ambao ndege hizo za kwanza ziliweza kubeba ulikuwa chini ya kilo 2. Acheni kila mtu ashike mfuko kabla ya kuendelea.)

Je, kulikuwa na faida ya kweli?

Watafiti walichunguza kazi hii na matokeo yakachapishwa mwaka wa 2022 katika jarida la matibabu linaloitwa The Lancet Global Health. Waliangalia maagizo ya damu 12,733 yaliyopelekwa kwa droni kati ya 2017 na 2019. Kwa kawaida damu ilifika kwa dakika 50 hivi. Kwa barabara ingechukua dakika 139 au zaidi. Yaani karibu saa moja na nusu iliokolewa, na mama anayetoka damu hana saa moja na nusu ya kungoja. Tena hospitali ziliacha kurundika akiba, kwa sababu zilijua damu itakuja zikiita. Baada ya mwaka mmoja, damu inayotupwa kwa kupitwa na wakati ilipungua kwa asilimia 67.

Kazi ilivyokua

Baada ya damu zikaja dawa na chanjo. Mwaka wa 2020, watu walipozuiwa kusafiri kwa sababu ya Korona, dawa za saratani zilisafirishwa kwa ndege hizo ili wagonjwa wasikatize matibabu. Hata wafugaji wa nguruwe wamefikiwa: mbegu za dume bora hupelekwa kwa droni, na daktari wa mifugo huzipandikiza kwa mrija. Mbegu hizo nazo hazingoji barabara ikauke.

Tena droni za Rwanda si za kampuni hiyo moja tu. Kuna kampuni ya Wanyarwanda wenyewe, Charis, iliyoanzishwa mwaka wa 2014. Hao hupiga picha za kutengenezea ramani, hukagua mashamba na ujenzi, na wamefanya kazi ya kunyunyiza dawa ya kuua viluwiluwi vya mbu kwenye maji yaliyotuama. Mwezi wa Februari 2020 mkutano mkubwa wa Afrika juu ya droni ulifanyika Kigali, na mashindano ya kurusha yakafanyika katika Ziwa Kivu. Desemba 2022 Serikali ya Rwanda na Zipline walitangaza kwamba kazi yao itaendelea na kupanuka hadi mwaka wa 2029.

Wengine nao walifuata. Ghana ilianza na kampuni hiyo mwaka wa 2019. Kwetu Kenya, kampuni hiyohiyo ilikuja kuweka kituo Chemelil, Kaunti ya Kisumu. Malawi ilichukua njia yake: mwaka wa 2017 ilitenga eneo la anga huko Kasungu kwa majaribio ya droni za kusaidia watu, na mwaka wa 2020, kwa msaada wa UNICEF, ikafungua chuo Lilongwe cha kufundisha vijana wa Afrika kazi hiyo.

HATUA YA PILI: TUAMUE

Hapa niliwauliza wanakikundi swali moja. "Mti mnaouona una matawi mazuri. Ulisimama kwa mizizi gani?" Tulijadiliana karibu saa nzima, na katibu akaandika mizizi minne. Baada ya kila mzizi tuliuweka mpango wa yule muuzaji mbele yake.

Mzizi wa kwanza: Hitaji

Rwanda hawakuanza kwa kusema, "Tuna droni, tuifanyie nini?" Walianza na shida inayojulikana kwa jina: damu inachelewa. Wakachukua mzigo mdogo, mwepesi, wa haraka na wa thamani kubwa. Hawakusema watabeba viazi.

Sisi je? Tulihesabu harusi zilizofanyika katika kata-ndogo yetu mwaka uliopita. Zilikuwa 11. Zilizomlipa mpiga picha wa aina yoyote ni 4. Je, matanga? Mzee mmoja akasema, "Familia inachangisha ya jeneza, nani atalipia ndege ya kupiga picha kaburi?" Watu walicheka, lakini hesabu ilikuwa imeanza kuonekana.

Mzizi wa pili: Mlipaji

Mama aliyelazwa Rwanda halipii safari ya droni kutoka mfukoni mwake. Serikali ndiyo iliyofanya mkataba wa kulipa. Hata hivyo mwanzoni kulihitajika kusukumwa. Mwaka wa 2016 wakfu wa kampuni ya mizigo ya UPS ulitoa msaada wa dola 800,000 kwa kazi hiyo. Hakuna aliyewaambia wanakijiji wa Muhanga wachange.

Sisi je? Ni nani ameahidi kwa maandishi kwamba atatulipa? Kijana wetu alifikiri, halafu akasema kwa ukweli, "Bado hakuna. Nilifikiri watakuja wakiiona." Nilimpongeza kwa jibu hilo. Wengine hubuni majina.

Mzizi wa tatu: Sheria

Rwanda iliweka kanuni za droni mwaka huohuo wa 2016, na mwaka wa 2018 ikazitengeneza upya. Kanuni hizo mpya haziulizi sana mashine ni ya aina gani. Zinauliza: utaruka wapi, juu ya nani, ukianguka nini kitatokea, na umejiandaaje? Anayeweza kujibu na kuthibitisha anaruhusiwa. Kampuni zilipojua sheria ni ipi, zilikuja.

Kenya tulichelewa kidogo. Kanuni za kwanza zilitolewa mwaka wa 2017, Bunge likazifuta mwaka wa 2018, na tukapata nyingine mwaka wa 2020. Kwa kanuni hizo, droni husajiliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya. Kuiingiza nchini kunahitaji kibali. Haipaswi kupita futi 400 kwenda juu bila ruhusa, na haikaribii viwanja vya ndege ovyo. Anayeirusha kwa biashara anahitaji leseni, na bima ya kulipa mtu mwingine akiumia. Tena kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019: picha ya mtu na boma lake si mali ya kila anayepita juu.

Muuzaji alikuwa amesema nini kuhusu haya yote? "Hakuna shida, ni kama mchezo wa watoto." Tulimuuliza kijana kama alionyeshwa karatasi ya usajili. Hakuonyeshwa. Hebu fikirini: kikundi kinatoa akiba ya miaka sita, halafu siku ya kwanza kazini polisi wanachukua mashine. Mtamdai nani?

Mzizi wa nne: Watu wenye ujuzi

Ukiingia kile kituo cha Muhanga utakuta vijana wa Rwanda: wanaopakia damu, wanaokagua mabawa, wanaoangalia ndege kwenye kompyuta, wanaoongea na waongoza ndege wa serikali. Walifundishwa kwanza, ndipo wakapewa mashine.

Sisi je? Nani atairusha? Akiolewa au akipata kazi mjini, nani atabaki? Bawa likivunjika spea inatoka wapi? Droni ndogo ya picha hukaa hewani takriban nusu saa kwa betri moja. Ile ya kunyunyiza dawa ikiwa imejaa hukaa muda mfupi zaidi, kwa hiyo unahitaji betri nyingi na jenereta shambani. Dawa yenyewe inataka mtu anayejua upepo na vipimo, isije ikaangukia kisima au mizinga ya nyuki ya jirani. Haya hayakuwa kwenye hesabu ya muuzaji.

Na kuna jambo ambalo tusilifiche. Hata mti huu wa Rwanda una upande wake wa kivuli. Ndege za Zipline zilibuniwa na kutengenezwa Marekani, na kampuni ni ya huko. Kwa hiyo sehemu ya pesa inayolipwa hutoka nje ya nchi. Nchi inayotegemea kampuni moja lazima iwe macho siku ya kuandika mkataba upya. Tena droni haikuondoa haja ya barabara. Damu inaweza kufika kwa mbawa, lakini mama mwenyewe bado anafika hospitali kwa miguu, kwa machela au kwa boda boda.

Mfuko wa mahindi

Sasa nirudi kwa mama mweka hazina. Wakati wote huo alikuwa bado ameshika ule mfuko wa mahindi mapajani. Mwishowe akauliza, "Mwalimu, hii ya muuzaji inaweza kubeba hii?"

Nilimwambia ukweli. Ile droni yote nzima, pamoja na betri yake, ni nyepesi kuliko huo mfuko. Imetengenezwa kubeba kamera ndogo tu. Haina pa kuweka damu, haifiki mjini na kurudi, na hata ingefika, hakuna hospitali ingeikabidhi damu.

Akanyamaza. Halafu akauweka mfuko chini, akasema, "Kumbe siyo hii. Basi mimi shida yangu ilikuwa damu. Tuongee juu ya damu."

Ndipo tukauona mzizi wa tano ambao sisi wote tulikuwa tumeuruka, hata mimi mwalimu. Damu inayoruka Rwanda ilitoka kwa mkono wa mtu. Kabla ya daktari kupiga simu, kabla ya ndege kuwekwa kwenye manati, mtu fulani alikwenda akakunja mkono wa shati akatoa damu yake bila kulipwa. Friji ikiwa tupu, droni mia moja hazimsaidii mama mmoja.

Niliuliza, "Katika sisi 27, nani amewahi kutoa damu?" Mikono miwili iliinuka. Mmoja alikuwa yule kijana wa droni. Alitoa akiwa shule ya sekondari.

HATUA YA TATU: TUTENDE

Kikundi kilipiga kura kwa karatasi, kila mtu akaandika peke yake. Waliamua hivi:

1. Shilingi 186,000 zibaki za mashine ya kusaga kama zilivyopangwa. Muuzaji ajibiwe kwa heshima kwamba kikundi hakitanunua.

2. Kila mwanachama atoe shilingi 50 kwa mwezi kwa mfuko wa dharura ya akina mama wajawazito. Mfuko huu una daftari lake, mbali na akiba. Wenye boda boda wawili na jirani mwenye pikapu wamekubali kuitwa usiku, na bei imeandikwa kabla.

3. Katibu amwone muuguzi wa dispensari ili siku ya kutoa damu ipangwe hapa kijijini pamoja na huduma ya damu ya taifa. Kwa kawaida mtoaji awe na miaka 16 hadi 65 na uzito wa kilo 50 au zaidi, na mwenye afya. Muuguzi atapima kila mtu. Na kila mama mjamzito ajue kundi lake la damu kutoka kliniki, na mtu mmoja nyumbani alijue pia.

4. Mwenyekiti na mweka hazina waende hospitali wakaulize mambo matatu: damu yenu hutoka wapi, huchukua saa ngapi kufika, na kuna mpango gani wa kufupisha muda huo? Majibu yasomwe kwenye baraza la chifu. Kama kaunti inafikiria droni za damu, basi sisi wananchi tuwe watu wa kwanza kuuliza kuhusu mlipaji, sheria na mkataba.

5. Kijana wetu asiachwe. Atatafuta shule ya kurusha droni iliyoidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, aulize karo, muda na masharti, kisha alete habari. Kama kuna wakulima watakaotaka shamba lipigwe picha au linyunyizwe, tuanze kwa kukodisha mwenye leseni kwa siku moja na kugawana gharama. Tukiona kazi ipo, tutaongea tena. Ujuzi kwanza, mashine baadaye.

Kijana alikubali, ingawa uso wake ulikuwa mzito kidogo. Nilimweleza kwamba Rwanda pia ilikuwa na vijana kama yeye, waliotazama juu wakati wengine wanatazama chini. Tofauti ni kwamba wale walipata mizizi kwanza. Kikundi kisichowasikiliza vijana wake kitabaki na jembe moja miaka yote. Kikundi kinachofungua sanduku kwa sababu ya kelele za siku moja kitabaki bila hata hilo jembe.

Siku ya kutoa damu ilifika. Walikuja watu 41 kutoka vijiji vitatu. Wengine walirudishwa kwa sababu ya uzito au presha, wakaambiwa waje tena. Mama mweka hazina alirudishwa kwa sababu ya umri. Hakuondoka. Alikaa mlangoni siku nzima akiwapa watoaji chai na viazi, na kila aliyetoka alimshika mkono.

MASWALI YA KUJADILIANA

(Gaweni watu katika vikundi vidogo vya watano watano. Kila kikundi kichague mtu wa kutoa habari.)

1. Katika miaka mitano iliyopita, ni muuzaji gani au mpango gani ulikuja kwetu na ahadi kubwa? Uliishaje? Ni mzizi gani ulikosekana?

2. Rwanda ilianza na mzigo mmoja, yaani damu. Shida yetu moja iliyo kubwa kuliko zote ni ipi? Iandikeni kwa maneno machache.

3. Kampuni ya kigeni ikileta mashine nzuri ya kuokoa maisha, ni mambo gani serikali yetu iyaandike kwenye mkataba ili vijana wetu wapate kazi na ujuzi?

4. Droni ikipita juu ya boma lako ikapiga picha, utajisikiaje? Ni nani unayepaswa kumwuliza?

5. Ni wangapi kati yetu wanajua kundi lao la damu? Ni wangapi wamewahi kutoa damu? Kinachotuzuia ni nini?

KAZI YA KUFANYA KABLA YA MKUTANO UJAO

Chukueni ukurasa mmoja wa daftari, mgawe sehemu nne: HITAJI, MLIPAJI, SHERIA, WATU. Andikeni juu yake jina la mradi ambao kikundi chenu kinaufikiria sasa, hata kama ni kuku au mashine ya kusaga. Jazeni kila sehemu kwa ukweli. Sehemu itakayobaki tupu ndiyo kazi yenu ya mwezi, na mpaka ijae, funguo zikae kwa wenyewe. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Na kile kikundi cha huko juu? Mashine ya kusaga wameshalipia nusu. Ukurasa wao ulijaa sehemu zote nne.